Tupe Giza

Shoga yetu alisikia sinema kwa miaka sita kabla ya kuona hata moja.

Si kwamba sinema ilikuwa mbali. Mwenye mashine alikuwa mumewe, na mashine ilikaa katika ghala la mbata aliloachiwa na baba yake, na ukuta wa ghala hilo ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha shoga yetu. Ulikuwa ukuta wa mawe na chokaa, mnene kama kuta zote za mji wa zamani wa Bagamoyo, ila juu karibu na boriti ulikuwa na matundu mawili ya kupitisha hewa. Kila Jumamosi baada ya Isha wanaume wa mtaani waliingia ghalani na mikeka yao, mashine ikaanza kulia kama cherehani, na maneno ya sinema yakapanda, yakapenya matunduni, yakamkuta shoga yetu kitandani. Kutoka kitanda chake mpaka kwenye shuka nyeupe waliyoitundika ni hatua ishirini. Nilizipiga mwenyewe siku moja, kwa hasira.

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini inayokaribia sabini. Filamu zilizotufikia zilikuwa zimechoka. Zilikwisha kuonyeshwa Dar es Salaam mpaka watu wakazikinai, ndipo zikafungwa katika makopo ya bati na kupandishwa basi kuja kwetu, nyingi za Kimisri, chache za Kihindi. Wanaume walizipenda hivyohivyo, na Jumapili asubuhi ungewakuta barazani wakiiga mwendo wa mabwana wa Kairo. Sisi wanawake hatukuingia. Hapakuwa na amri iliyoandikwa popote. Mwenye Ghala, maana ndivyo tulivyomwita mume wa shoga yetu, alikuwa na neno lake moja tu: "Mama hapendi." Mama yake alikuwa bibi mzee wa ukoo wenye asili ya Omani, mwenye nyumba ile yote, na mtaa mzima ulimwogopa. Akishatajwa yeye, mazungumzo yamekwisha.

Shoga yetu alimwomba mumewe mara moja, mwaka alioolewa. Akajibiwa, "Inshallah." Hakurudia tena. Alikuwa na kiburi kile cha kimya, cha mtu anayeona kuwa kuomba mara ya pili ni kujidhalilisha. Mimi, nisiyejua kunyamaza hata nikilala, kiburi hicho kilikuwa kikinikera mno.

Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mwenzetu mrefu, binti wa muuza maandazi, aliyekuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Kila alasiri tulikaa katika ua wa shoga yetu tukishona kofia. Sindano zikienda, yeye akitusimulia sinema ya Jumamosi. Kiarabu kwao kilikuwa cha nyumbani, na ingawa alisema Kiarabu cha Misri kimepinda, baada ya miaka sita alikuwa amekinyoosha. Alijua nani kasema nini na nani kajibu nini, alijua mlango gani umelia na nyimbo zote alikuwa nazo. Na hakuwa akisimulia kwa sauti moja. Bwana akawa bwana, mtumishi akawa mtumishi, mama mkwe akawa mama mkwe, mpaka unageuka kutazama kama kuna mtu mwingine uani. Kitu kimoja tu hakukijua, nacho kilimnyima raha: nyuso zao.

"Huyu mwenye sauti nzito," angeniuliza, "uso wake ukoje?"

Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekwisha kuona sinema. Ukweli ni kwamba niliona moja tu, Dar, kaka yangu aliponipeleka nikiwa na miaka tisa, na nikalala katikati. Lakini nilikwisha kujigamba kuwa nimeona nyingi, na uongo ukishautoa mdomoni kuurudisha ni kazi. Basi nikawa nawagawia nyuso. Mwenye sauti nzito nilimfanya mrefu, mweupe, mwenye mwanya na masharubu. Yule mwenye sauti tamu nikampa macho ya huruma. Wasichana wote nikawapa nywele za kufika kiunoni. Shoga yetu alisikiliza kwa makini, sindano imesimama hewani, na mimi nikajiona mtu wa maana sana.

Katika filamu zote hizo, moja ilitushika roho. Binti mshonaji, yatima, anapendana na mtoto wa hakimu. Ami wa yule kijana hataki, anazificha barua zao. Binti anangoja jibu halimfikii, mwisho anaifunga cherehani yake kwa kamba, anakwenda stesheni. Treni inapiga honi, kijana anamwita kwa jina, na hapo hapo, Jumamosi ile, mkanda ukakatika. Wanaume walipiga miluzi, mashine ikazimwa, na asubuhi kopo likarudi Dar na basi. Mtaa mzima hakuna aliyeujua mwisho wake.

Mimi niliujua, bila shaka. "Wanaoana," nikasema. "Harusi ya siku saba."

Shoga yetu alikata uzi kwa meno. "Mimi nisingegeuka," alisema. "Aliandika, hakujibiwa. Sasa anaitwa treni ikiondoka?"

"Lakini barua si zilifichwa?" mwenzetu mrefu akasema.

"Ndiyo. Lakini yeye kijana miguu hakuwa nayo?"

Tukaendelea kushona.

Mwaka huo kipupwe kilipoanza kuuma, mwenzetu mrefu alikuja uani na habari aliyoiokota sokoni. Mwenye Ghala anauza mashine. Tajiri mmoja wa Tanga amekwisha kuiona na kuipenda, na atakuja kuichukua baada ya Siku ya Mwaka. Shoga yetu alisema, "Kheri," akaendelea na kofia yake. Kisha nikaona doa jekundu kwenye kitambaa cheupe. Alikuwa amejidunga na hakuhisi. Akaitupa ile kofia ukutani, kazi ya wiki tatu, akajifunika uso kwa kanga.

"Miaka sita nangojea inshallah ya mtu," alisema. "Nilijipa moyo, siku moja atakumbuka. Sasa hata sauti sitaisikia."

Sikuwahi kumwona akilia, na nilikasirika kama niliyepigwa mimi. "Wallahi utaiona," nikamwambia. "Kabla mashine haijaondoka utaiona." Nilikuwa nimezoea kusema uongo, lakini huo sikuutaka uwe uongo.

Siku ya Mwaka kwetu si Idi wala Maulidi. Ni siku ya wazee wa pwani, huja baada ya mavuno ya mpunga. Usiku wa kuamkia siku hiyo moto wote majumbani huzimwa. Alfajiri watu hushuka baharini kuoga mwaka, wanaume upande wao na wanawake upande wao, majivu ya zamani humwagwa njia panda, ndipo moto mpya huwashwa na chungu cha nafaka za kuchanganya huinjikwa. Baada ya hapo mji huwa wa wanawake. Vikundi vya ngoma hupita mlango kwa mlango, kanga sare, pembe zikigongwa kwa vijiti, na kila mwenye nyumba husifiwa, hutaniwa, hata hutukanwa kidogo, na hana ruhusa ya kukasirika. Anayenuna siku hiyo atanuna mwaka mzima. Na kuna jambo moja zaidi: waimbaji hawarudishwi mikono mitupu. Wanaloomba mlangoni hupewa, maana kuwanyima ni kujiitia nuksi. Miaka yote kikundi chetu kiliomba mchele, nazi, kuku, na jioni tukavipika pamoja tukala.

Wazo lilinijia nikiwa nimezama majini mpaka shingoni, meno yakigongana kwa baridi. Kwani ni lazima tuombe mchele?

Nilimwambia kiongozi wetu wa ngoma palepale majini. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mpenda nyama, na mikono yake ilijua kugonga pembe kuliko mtu yeyote kutoka Kaole mpaka Makurunge. Alinitazama kama mtu aliyeingiwa na maji ya chumvi kichwani. "Tuache kuku wa watu tuombe sinema?" Nikambembeleza, nikamsifu, nikamkumbusha kuwa na yeye hajawahi kuiona. "Maji umekwisha kuyavulia nguo, mama," nikamwambia, "yaoge." Wenzetu waliokuwa wakiogelea karibu walicheka, na yeye akakubali shingo upande. Shoga yetu hatukumwambia. Angetukataza.

Tulipofika mlango wa Mwenye Ghala jua lilikuwa limekwisha kupanda. Alitoka na kanzu iliyopigwa pasi, anatabasamu, vikapu viwili vya mchele vimewekwa tayari barazani na jogoo amefungwa miguu. Watu walikuwa wamejaa uchochoroni, maana kikundi chetu kilikuwa na sifa. Nyuma yake, katika kivuli cha mlango, nilimwona shoga yetu na buibui lake. Juu dirishani alikaa Bibi mwenyewe, mama mtu, na tasbihi yake mkononi.

Mwenzetu mrefu ndiye mwimbishaji. Nilimfinya mkono. Akafumba macho, akaanza:

*Mwaka mpya umengia, tumekuja mlangoni,*
*Mchele twakuachia, nazi ziache ghalani,*
*Tunaloomba ni giza, giza lako la jioni,*
*Tupe japo siku moja, nasi tuone machoni.*

Pembe zikaitikia, na sisi sote kwa pamoja: "Tupe giza! Tupe giza!"

Watu walielewa kabla yake. Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele. Mwenye Ghala alisimama na tabasamu limemganda. "Giza?" akasema. "Giza kila mtu analo kwake, azime taa!" Akachekesha watu na yeye, nikaona anaanza kupata nguvu. Akageuka, akanong'ona na mtumishi wake, na mara wakatoa mbuzi. Si mbuzi wa kubahatisha. Beberu mnene, anang'aa, pembe zimefungwa utepe.

"Mwaka huu nawapa huyu," akatangaza. "Na mchele juu yake, na jogoo. Nani mwingine amewapa mbuzi?"

Hakuna aliyewahi kutupa mbuzi. Nyuma yangu niliisikia ngoma ikilegea. Kiongozi wetu alisogea, akanyoosha mkono, akampapasa yule mbuzi mgongoni taratibu kama mtu anayepapasa mwanawe. Nilitamani kumng'ata. "Mama," nikamwambia kwa meno yaliyofungwa, "ukimchukua huyo mbuzi, mimi na wewe basi." Akaondoa mkono. Aliuondoa kwa shida, Mungu amlipe.

"Tupe giza!" nikapiga kelele, na sauti yangu si ya kuimbia, ni ya kufukuzia kunguru. Wenzangu wakaitikia.

Mwenye Ghala akainua mikono. "Jamani, kwa upande wangu mimi sina neno. Lakini mnajua. Mama hapendi."

Pembe zikashushwa. Macho yote yakapanda dirishani.

"Nani hapendi?" Bibi akauliza.

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini uchochoro wote uliisikia. Mwenye Ghala akageuza shingo. "Mama, mimi nilidhani…"

"Ulidhani! Ulimwuliza nani? Umewahi kuja ukakaa mbele yangu ukaniuliza, mama, sinema unapenda au hupendi?" Alisimama, tasbihi ikaning'inia nje ya dirisha. "Miaka sita kila Jumamosi nakaa kwenye ukuta ule. Wewe unadhani nafuata ubaridi? Mwenzangu mkeo yuko upande wake, mimi niko upande wangu, tunategesha masikio kama wezi ndani ya nyumba yetu wenyewe! Na yule binti mshonaji, aliolewa au hakuolewa? Umekata mkanda wako ukaenda kulala. Mpaka leo hujaniambia!"

Siwezi kueleza kelele zilizofuata. Vigelegele vilipigwa na wanawake waliokuwa na kikundi na wasiokuwa nacho. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa heshima: mtaa mzima, mwanawe, mkwewe, sisi sote, tulimwekea yule bibi neno mdomoni kwa adabu tu, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Mwenye Ghala alicheka mwenyewe, na ilimbidi acheke, maana angenuna mwaka mzima. Akasema tutapewa giza, Jumapili ya wiki ijayo, alasiri, na filamu ileile ya mshonaji ataiagiza Dar irudi. Katika kivuli cha mlango nilimwona shoga yetu na wasiwasi wake. Alikuwa ameshika kizingiti kwa mikono miwili kama anayeogopa nyumba isiondoke.

Mbuzi tulipewa pia. Kiongozi wetu alimvuta mwenyewe mpaka nyumbani.

Kuleta giza alasiri si kazi ndogo. Bati la ghala lilikuwa na matundu mengi kuliko chujio, na jua la saa tisa lilipita kila mahali kwa michirizi. Tulikwenda asubuhi ya Jumapili hiyo, wanawake kama thelathini, tukaziba matundu kwa makumbi ya nazi, kwa majamvi, kwa matambara, na tulipoishiwa tukaziba kwa kanga zetu. Harufu ya mbata ilitupanda mpaka machozi. Kisha likaja suala la mwanamume. Mashine lazima iendeshwe, na Mwenye Ghala hakukubali mtu mwingine aingie mahali penye wake za watu. Basi akaendesha mwenyewe, naye tukamfungia kwenye kona yake kwa pazia la kanga, tukaacha tundu moja tu kwa ajili ya jicho la mashine. Akawa humo ndani, sisi hatumwoni na yeye hatuoni.

Shoga yetu alikuja wa mwisho. Angeweza kupita mlango wa uani, lakini alizunguka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, kanga mpya, udi unanukia. Nilizihesabu hatua zake nikashindwa kuendelea kwa sababu ya machozi. Bibi alikwisha kukaa mbele kabisa kwenye kiti, fimbo magotini. Wanawake wa Kaole walikuja kwa miguu. Tulijibana mpaka hapakuwa na pa kutema mate.

Mwanga ukawaka. Filamu ilikuwa kuukuu, imejaa mikwaruzo, na Bibi ndiye aliyesema kwanza: "Huko kwao mvua haikomi?"

Kisha mtoto wa hakimu akatokea, mwenye sauti nzito. Alikuwa mfupi. Mfupi, mwenye kipara kinachoanza, na meno yamebanana kama mahindi. Nilihisi kidole kimenichoma ubavuni.

"Masharubu yako wapi?" shoga yetu akaninong'oneza. "Mwanya uko wapi?"

Akaja ami mtu mwenye sauti tamu, na macho yake hayakuwa na huruma hata chembe. Akanifinya tena, mara hii kwa nguvu. "Njia ya mwongo fupi," alisema, na akaanza kucheka, na mwenzetu mrefu akacheka, na mimi nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Aibu nilikuwa nayo, lakini ilizidiwa na furaha. Alikuwa anaona. Alikuwa akiipeleka mikono usoni kila uso mpya ulipotokea, kama mtu anayepokea wageni aliozoea kuandikiana nao barua.

Filamu ilikuwa haijafika robo pale jambo lilipotokea. Mlio kama wa kikaango cha mafuta, harufu ya kuungua, kisha kimya. Picha zilikuwa zikienda, midomo ikifunguka na kufumba, na hakuna neno. Kutoka nyuma ya pazia Mwenye Ghala alisema, "Jamani, taa ya sauti imeungua, ile ya kusomea sauti kwenye mkanda. Ya akiba sina. Itabidi nizime."

"Usizime!" Wanawake mia walisema kwa pamoja. Wengine walianza kulalamika kuwa Kiarabu chenyewe hawakukijua, wengine watoto wao wakaanza kulia, na mimi nikaona kila kitu kinaporomoka. Ahadi yangu ilikuwa inakufa mbele ya macho yangu. Nikasema kwa sauti, sijui hata nilimwambia nani, "Si yuko hapa anayejua yote!"

Shoga yetu akanitazama. Nilidhani atanipiga. Halafu akatazama shukani, ambako binti mshonaji alikuwa akimfungulia mlango ami mtu, na midomo ya binti ikasogea, na shoga yetu akasema palepale, kwa Kiswahili, kwa sauti ya binti: "Karibu, bwana. Lakini kiti ni kimoja, na ndicho nikaliacho kazini."

Waliokuwa wameinuka wakakaa.

Akasema na maneno ya ami, kwa utamu ule wa sumu. Akasema na maneno ya hakimu. Hakukosea hata mdomo mmoja. Miaka sita alikuwa amebeba sauti zisizo na watu, na sasa watu walikuja mbele yake wasio na sauti, naye akawarudishia mmoja mmoja. Ulipofika wimbo aliuimba, na mwenzetu mrefu, aliyeujua kutoka uani, akaudaka kwa sauti ya pili. Shoga yetu alisimama bila kujua amesimama. Wanawake waliokuwa wakinong'ona wakasema, "Kumbe ndivyo anavyomwambia!" Barua ya kwanza ilipofichwa kiongozi wetu wa ngoma alimtukana yule ami tusi ambalo sitaliandika.

Nyuma ya pazia mashine ilizunguka tu.

Kisha tukafika stesheni. Binti na cherehani yake iliyofungwa kamba. Treni inatoa moshi. Kijana anakuja mbio, mfupi, jasho linamtoka, anaita, na shoga yetu akamwitia. Na hapo akanyamaza. Mimi na mwenzetu mrefu tulijua kwa nini. Hapo ndipo mkanda ulipokatika, ndipo masikio yake yalipokomea. Mbele ya hapo hakuwa na neno hata moja.

Nilimvuta kanga. "Sema wanaoana," nikanong'ona.

Akaitoa kanga yake mkononi mwangu. Shukani binti alikuwa amegeuka, anamtazama yule kijana, na midomo yake ikaanza kusogea polepole. Shoga yetu alimtazama mpaka nikadhani hatasema. Kisha akasema, na hii haikuwa sauti ya binti mshonaji, ilikuwa yake mwenyewe:

"Nilikuomba mara moja. Sikurudia. Nilidhani umenisikia."

Shukani kijana alikuwa amesimama mdomo wazi, naye hakupewa neno. Shoga yetu hakumpa. Treni ikaanza kusogea, na kutoka nyuma ya pazia la kanga sauti ya mwanamume ikasema:

"Nilikusikia. Nilinyamaza tu. Nisamehe."

Wanawake walipiga mayowe kwa kushtuka, wengine wakajifunika, maana walikwisha kusahau kuwa mna mwanamume. Bibi akagonga fimbo sakafuni.

"Mwanangu, wewe si sinema! Zungusha mashine!"

Ghala lilivunjika kwa kicheko. Shukani yule kijana mfupi aliruka, akadaka mlango wa treni, akaipokea cherehani kutoka mikononi mwa binti akaipakata mwenyewe magotini, na wakaondoka. Harusi haikuonyeshwa. Bibi aligeuka akatutazama sote. "Basi ameolewa," akasema, "anayekubebea cherehani ndiye." Vigelegele vilisikika mpaka sokoni, na shoga yetu alikaa chini katikati yetu, anacheka na kulia, na mikono yake imeshika mikono yetu, yangu na ya mwenzetu mrefu.

Tajiri wa Tanga alikuja wiki hiyo. Alipewa kahawa, alipewa halua, na akaambiwa mashine haiuzwi, ina wenyewe. Mwenye Ghala aliagiza taa ya sauti kutoka Dar, mbili, moja ya akiba, na Jumapili mbili baadaye tulikuwa ghalani tena, makumbi matunduni, pazia kwenye kona. Filamu nyingine, ya Kimisri nayo, na sauti safari hii ilitoka safi kabisa. Tuliisikiliza kidogo. Kiongozi wetu akajikuna. Mwenzetu mrefu akanitazama, nikamtazama. Kisha Bibi akagonga fimbo.

"Zima sauti," alisema.

"Zima sauti!" tukaitikia, wanawake wote, na mimi wa kwanza. "Zima sauti!"

Nyuma ya pazia tukasikia mlio wa swichi. Shoga yetu akainuka, akajitupia kanga begani, akasubiri midomo isogee, akaanza.